Gari la kushindania porini kwa mfuko mdogo: tuliyojifunza Kiboko

Mpwa wangu alinijia jioni moja baada ya magharibi, simu mkononi, uso umemnawiri.

"Shikamoo mjomba. Nataka unitazamie gari hili."

Nikavaa miwani. Picha ilikuwa ya gari kubwa la Kijapani, jeusi, limeng'arishwa mpaka unajiona ndani yake. Tairi pana, taa nne juu ya paa, bampa la chuma mbele kama la gari la askari. Bei yake laki sita na nusu. Kijana huyu amefanya kazi Doha miaka minne, na laki sita ndiyo akiba yake yote. Hiyo nusu iliyobaki alikusudia kumkopa mamake, na mamake ni dada yangu. Kwa hiyo, msomaji, mazungumzo yale hayakuwa ya gari peke yake.

Alikuwa amefuatana nasi mara mbili kwenda Kiboko, kazi yake kuchimba mchanga na kufunga kamba wengine wanapokwama. Ugonjwa ukamshika. Sasa ataka gari lake mwenyewe. Nikamwambia, "Mwanangu, keti. Kabla hujampa mtu pesa, nikusimulie kwanza."

Makala haya ni yale niliyomsimulia, na mengine tuliyoyagundua pamoja baadaye. Nimeyaandika kwa sababu vijana wengi wa hapa Pwani wananiuliza swali lile lile, na wengi huuliza wakiwa wameshanunua.

Mchezo wenyewe ni upi

Watu wakisikia mashindano ya magari, fikira zao huenda kwenye mbio, vumbi na kelele za injini. Haya ya kwetu ni mengine. Hapana mbio. Mahali pagumu, penye mawe au korongo au mchanga, huchomekwa vigingi viwili viwili kama malango, tuseme kumi. Dereva hupita lango baada ya lango polepole, bila kugusa kigingi na bila kusimama. Akikwama lango la kwanza anapewa alama kumi, akikwama la mwisho anapewa moja, akipita yote hana alama. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Mara nyingi gari huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Mwenda pole hajikwai, na hapa msemo huu ndio sheria yenyewe.

Nchini Kenya mashindano makubwa ya porini yanayojulikana na wengi ni Rhino Charge, yaliyoanza 1989. Nayo pia hayahesabu kasi. Magari hupewa saa 10 kuvifikia vituo 13 vilivyotawanywa porini, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Anayezunguka mlima kwa njia nzuri hupoteza, anayeukata katikati hushinda. Fedha zinazochangwa huenda kwa shirika la Rhino Ark, na ndizo zilizosaidia kujenga ua wa umeme wa karibu kilomita 400 kuuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika 2009.

Kuna jambo moja hunijia kila nikifika Kiboko. Hoteli ya zamani iliyo kando ya barabara pale, Hunter's Lodge, ilianzishwa na J. A. Hunter, mwindaji ambaye katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwaua vifaru wa Makueni ili ardhi ile ipate kulimwa. Aliwaua karibu 1,000. Leo magari yanapanda mawe kuchangisha pesa za kuwalinda wale waliobaki. Dunia hii ina mambo.

Lakini Rhino Charge ni mashindano ya wenye nacho, kwa magari yaliyoundwa upya kwa mamilioni na michango mikubwa. Sisi wenye mfuko mdogo twakutana wachache, kwa idhini ya mwenye shamba, watu kumi au kumi na watano, kila mmoja na gari lake na chakula chake. Hayo ndiyo ninayoyazungumzia hapa.

Kosa langu mimi

Gari langu la kwanza nililichagua kwa macho. Lilikuwa kubwa, refu, lina viti saba, na likipita Digo Road watu hugeuka. Nilililipa kwa fedha taslimu. Nikalipeleka Kiboko, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa, nikipita Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Makindu kwa fahari zote. Lango la pili, gurudumu la mbele limepanda jiwe na la nyuma limeingia shimoni, nikasikia mlio kama mti unaovunjika. Chesisi ilikuwa imepasuka pale springi ya nyuma inaposhikwa. Tulipotazama chini tukakuta chuma kimeliwa na kutu mpaka kimekuwa kama biskuti, na juu yake kimepakwa rangi nyeusi nzito.

Nilikaa siku mbili nikitafuta lori la kunirudishia gari Mombasa. Lori na uchomeleaji vikanigharimu karibu theluthi ya bei ya gari, na gari halikurudi hali yake. Mke wangu hakusema neno. Msomaji aliyeoa anajua kuwa hilo ni zito kuliko maneno.

Kosa lile lina sababu yake, na sababu hiyo yatuhusu sana sisi wa Pwani. Hewa ya bahari ina chumvi. Gari likikaa miaka kumi kando ya maji, likapita ufukweni na lisioshwe chini, kutu hulila kuanzia ndani ya chesisi ambako jicho halifiki. Gari la bara la umri uleule laweza kuwa limekwaruzika na kuchubuka rangi, na mifupa yake ikawa mizima. Usione vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza: usione vyang'ara, vimepakwa.

Gari lataka nini hasa

Nikamwambia mpwa wangu asahau ukubwa wa injini. Kwenye malango hakuna anayefika hata kilomita 20 kwa saa. Mambo ya kutafuta ni haya, kwa mpangilio wa umuhimu.

La kwanza ni gia za chini. Gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambalo mitaani twaliita fowili, si lazima liwe nazo. Gari lenye gia za chini huwa na kijiti cha pili kando ya kile cha gia, au kitufe cha kazi hiyo. Ukiziingiza, mwendo hupungua kwa nusu au zaidi, na nguvu inayofika kwenye magurudumu huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ndizo zinazokuwezesha kupanda jiwe kama unapanda ngazi, na kuteremka mteremko mkali injini ikikushika bila kukanyaga breki. Gari lisilo nazo hulazimika kupanda kwa kasi, na kasi juu ya mawe huvunja vitu. Ndiyo maana Subaru Forester inayokuja kwetu kutoka Japani, au Toyota RAV4, ingawa ni magari mazuri ya safari na ya barabara ya matope, si ya mchezo huu.

La pili ni chesisi ya chuma iliyo peke yake, bodi ikiwa imefungwa juu yake kwa bolti. Magari mengi ya siku hizi bodi na chesisi ni kitu kimoja. Hayo ni mepesi na matulivu barabarani, lakini yakipindwapindwa kila wiki, milango huanza kukataa kufunga. Yenye chesisi huvumilia zaidi, na fundi wa jua kali aweza kuyachomelea.

La tatu ni wepesi. Suzuki ndogo ina uzito wa karibu tani moja. Magari makubwa ya familia hupita tani mbili. Gari jepesi halizami upesi mchangani, halivunji ekseli upesi, na likikwama vijana wanne hulinyanyua. Gari zito likikwama lataka gari lingine zito kulitoa, na gari hilo la pili huenda nalo likakwama.

La nne ni nafasi ya chini na pembe. Tazama mahali pa chini kabisa pa gari, mara nyingi ni lile bakuli la difu katikati ya ekseli. Kisha tazama pua na mkia. Pua ndefu itagonga jiwe kabla ya tairi kuligusa. Mkia mrefu utakwaruza ukishuka korongo. Na gari refu katikati litakaa juu ya tuta kama ngalawa iliyopweleka, magurudumu yakielea. Kwa hiyo fupi ni bora kuliko refu.

La tano ni ekseli. Ekseli nzima, bomba moja kutoka gurudumu hadi gurudumu, ina faida: gurudumu moja likipanda jiwe, difu nayo huinuka. Kwenye gari ambalo kila gurudumu la mbele lajitegemea, gurudumu likisukumwa juu, tumbo la gari hushuka kukutana na jiwe. Ekseli nzima haina raha barabarani, lakini porini ndiyo rafiki.

Hapa mpwa wangu akauliza swali zuri. "Mjomba, kama magurudumu yote manne yavuta, mbona tulimwona yule jamaa Kiboko magurudumu mawili yazunguka hewani na gari halitoki?"

Jibu liko kwenye difu. Kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu la ndani na la nje yazunguke tofauti unapokata kona. Lakini difu ya kawaida hupeleka mzunguko mahali penye upinzani mdogo. Gurudumu moja likining'inia, lote linalozunguka huenda kwake, na mwenzake aliyekanyaga ardhi husimama kama mtazamaji. Ikitokea hivyo mbele na nyuma kwa pamoja, fowili yako imekuwa gari la kuzungusha hewa. Dawa ya gharama ni difu yenye kufuli. Dawa ya maskini ni mbili: kuchagua mstari ambao magurudumu yote yatabaki chini, na kuwa na springi zinazoweza kunyooka na kujikunja sana. Ukiona gurudumu limeanza kuzunguka hewani, kanyaga breki kidogo huku umeshika mafuta taratibu. Breki hulizuia lile linaloelea, na nguvu kidogo humrudia mwenzake. Si ajabu kubwa, lakini mara nyingi yatosha kukuvusha lango moja.

Magari ya mfuko mdogo

Kwa wasio na mamilioni, chaguo si nyingi.

Suzuki ndogo za zamani, zile za SJ410 na Samurai, ndizo mwalimu bora. Zina chesisi, gia za chini, ekseli nzima mbele na nyuma, na ni fupi. Injini ya SJ410 haifiki hata lita moja, na kwenye mlima wa barabara kuu malori yatakupita. Springi zake ni za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ngumu kama kiti cha mbao. Porini utasahau yote hayo. Jimny iliyotengenezwa kuanzia 1998 ina springi za mviringo, imetulia zaidi na injini nyingi ni ya lita 1.3, lakini bei yake hupanda kila mwaka kwa sababu kila mtu amejua siri.

Suzuki Escudo ya kwanza na ya pili, hadi ile iliyokoma 2005, ni chaguo la kati. Ina chesisi na nyingi zina gia za chini, ekseli ya nyuma ni nzima, ya mbele yajitegemea. Haifiki alipofika ndugu yake mdogo juu ya mawe, lakini yaweza kukupeleka kazini Jumatatu na harusini Jumamosi. Mwenye gari moja tu nyumbani aifikirie hii.

Land Rover za zamani zina ekseli nzima na chesisi, na bodi yake ya alumini haili kutu kama ya chuma. Chesisi ndiyo ya kuchunguza, kwa sababu yenyewe ni chuma. Vipuri hupatikana na mafundi wazee wanazijua kwa kufumba macho. Lakini mwenye nayo awe mtu wa spana, la sivyo fundi atakuwa mmoja wa familia.

Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zinazotengenezwa tangu 1984, ni mashine zisizokufa. Bei yake ndiyo inayoua. Ukiikuta moja kwa laki nne, usifurahi, jiulize kwa nini.

Wapo wanaosema, "Nitaagiza Japani." Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Magari ya kazi hii tunayoyaweza kwa bei ni ya zamani kuliko hapo, kwa hiyo tutayatafuta humu humu nchini.

Na asiyeamini kuwa gari lililotumika laweza kushinda, akumbuke 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika katika mashindano mikononi mwa watu wengine. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na alilijua gari lake bolti kwa bolti. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Kulikagua kabla ya kulipa

Tukaenda mimi na mpwa wangu kulitazama lile gari jeusi. Nilibeba vitu vinne: tochi, nyundo ndogo, bisibisi na mkeka wa kulalia chini. Muuzaji alipoona mkeka akaanza kukohoa.

Nililala chini ya gari nikagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, kama kugonga gunia la unga. Karibu na gurudumu la nyuma sauti ikabadilika. Nikasukuma bisibisi kwa kiganja tu, bila nyundo, ikaingia mpaka mpini. Nikamwita mpwa wangu aje achungulie. Alilala pale mkekani kimya kwa muda mrefu. Laki sita za Doha, na miaka minne ya joto la kule, zilikuwa zinataka kuingia kwenye tundu lile.

Mengine ya kukagua ni haya. Ingiza gia za chini kisha endesha hatua chache, kwani gari lililokaa miaka bila kuzitumia huenda zimeganda. Nyanyua kila gurudumu kwa jeki ulitikise juu na chini, ujue hali ya beringi. Tazama ndani ya mafuta ya difu, yakiwa meupe kama chai ya maziwa basi maji yameingia. Washa injini ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha. Linganisha namba za chesisi na za injini na zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, na uthibitishe mwenye gari kwenye rekodi za NTSA kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika nafasi.

Kuzigawa laki sita

Kosa la wengi ni kumaliza pesa zote kwenye gari. Tuliketi na mpwa wangu tukazigawa hivi: gari 350,000; matengenezo ya mwanzo, yaani breki, mafuta yote, beringi na mpira zilizochoka, 70,000; tairi nne nzuri 60,000; mikanda imara na fremu ya mabomba ya kulinda vichwa gari likipinduka 50,000; kamba, shakeli, pampu ya upepo, koleo, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza 25,000; na 45,000 zikae kando, zisiguswe, kwa siku ya kuvunjika. Siku hiyo ipo. Bei zitabadilika, lakini mgawo ushike: gari lenyewe lisizidi sana nusu ya fedha ulizonazo.

Kwenye tairi kuna siri ya bure kabisa, nayo ni upepo. Barabarani tairi za gari dogo hujazwa karibu 28 au 30. Ukifika mchangani, shusha hadi 15 hivi. Tairi hulegea, hutandaza wayo mrefu zaidi, na gari huelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba, kama mguu wa ngamia. Nimeona gari lililokwama nusu saa likitoka kwa kufanyiwa hivyo tu. Usishuke sana, tairi itavuka rimu ukikata kona. Na usirudi barabara kuu kabla hujazijaza tena, kwa sababu tairi laini kwa mwendo mkali huchemka na kupasuka.

Kuhusu usalama sitatania. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano iliyoshikwa na chesisi, kamwe si kwenye bampa wala kwenye kichuma cha kuvutia tela. Kikichomoka chaweza kuruka kama risasi, na watu wamekufa kwa hilo. Kamba ikikazwa kila mtu asogee mbali, na juu yake itupwe blanketi au koti zito. Mikanda ifungwe hata kama gari laenda kwa mwendo wa kobe, kwani gari hupinduka polepole vilevile. Vidole gumba visishike ndani ya usukani, jiwe likiigonga tairi usukani huzunguka kwa ghafla na kuvunja mkono. Na usome karatasi za bima yako. Bima nyingi za kawaida hazilipi hasara iliyotokea kwenye mashindano.

Ardhi ya Kiboko na wenyewe

Kiboko ni mahali pa majaribio kwa maana nyingi. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo, na humo mahindi hujaribiwa kama yatastahimili ukame. Gari nalo hujaribiwa vilevile. Upande wa vilima vya Chyulu kuna mawe meusi ya volkeno, makali, yanayochana tairi ubavuni. Kuna udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni ukipata mvua. Na kuna mito ya mchanga, inayoonekana mikavu karibu mwaka mzima.

Mito hiyo ndiyo nataka kuizungumzia. Mwaka ule wa kwanza tulishuka mtoni na magari yetu, tukicheza. Mzee mmoja Mkamba akaja na fimbo yake, akasimama kando akitutazama, kisha akasema kwa upole, "Nyinyi watu wa Mombasa, mwakanyaga mtungi wetu."

Hatukumwelewa. Akatuonyesha kisima kilichochimbwa kwenye mchanga, kimezungushiwa miiba ili mifugo isiingie. Chini ya mchanga ule mkavu kuna maji, na katika Makueni na Kitui watu wengi huyategemea miezi ya kiangazi. Wamejenga hata mabwawa ya mchanga, kuta zinazozuia mchanga ili uhifadhi maji ndani yake. Gari likipita juu hubomoa visima, na likivuja mafuta huharibu maji ya kijiji.

Nilitahayari, na aibu yenyewe ni kubwa zaidi kwa mtu wa Mombasa. Mvua inayonyesha Chyulu huzama kwenye mawe yale ya volkeno na kutokea chini, kwenye chemchemi kama ya Kiboko yenyewe, na Mzima, ambayo maji yake huletwa kwa bomba mpaka majumbani mwetu. Maji ya yule mzee na maji ya birika langu yana mama mmoja. Tangu siku hiyo hatuingii mtoni. Mchanga wa kuchezea twautafuta ndani ya shamba tulilopewa ruhusa, twakagua kila gari kama lavuja, na tukiondoka twafukia mashimo yetu.

Ikawaje

Mpwa wangu hakulinunua lile gari jeusi. Alinuna wiki nzima. Kisha tukapata Suzuki ndogo huko Voi, boneti limebonyea, rangi mbili tofauti, kiti cha abiria kimeshonwa kwa uzi wa mvuvi. Nikagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma, ikalia kama kengele. Akailipa 340,000. Mamake hakukopwa kitu.

Mara ya kwanza Kiboko alipita malango saba kati ya kumi, akakwama kwenye mchanga kwa sababu alisahau kushusha upepo. Wenye magari makubwa walicheka alipofika, na wawili kati yao walikwama lango la nne. Hakushinda. Alikuwa wa tano kati ya kumi na mmoja, na jioni akaliendesha gari lile lile, kwa magurudumu yake lenyewe, mpaka nyumbani kwao Mombasa.

Nilimpigia simu usiku kumuuliza amefikaje. Akaniambia, "Nimefika salama mjomba. Niko nje naliosha chini."

Nikajua amesikia.